Mzazi na ashike tochi

Kisogo cha baba yangu nakijua kuliko uso wake. Nakijua kilivyokuwa kikilowa jasho, mistari miwili iliyokikata katikati, na kovu dogo chini ya sikio la kushoto. Nilikisoma nikiwa na miaka tisa, kumi, kumi na moja, nimesimama nyuma yake nimeshika tochi, yeye ameinamia injini ya gari lililonizidi umri. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumulika, na hiyo moja sikuiweza. Mwanga ukihama kidogo: "Hapa! Mulika hapa! Unamulika nini huko?" Nami sikujua hapa ni wapi, kwa sababu hapa palikuwa mbele ya kichwa chake, na mimi nilikuwa nyuma.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, wakimaanisha kuwa mtoto hufuata nyendo za aliyembeba. Sina ugomvi na wahenga. Ila mtoto anayeona kisogo tu hajifunzi ufundi. Mimi nilijifunza kuogopa spana namba kumi na tatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikipotea kila mara na mimi ndiye niliyekuwa nimeipoteza, hata siku ambazo ilikuwa mfukoni mwake.

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna hadithi tamu inayopendwa sana siku hizi: mzazi na mtoto, gari kuukuu, mikono myeusi kwa oili, na mapenzi yanayochipuka kati ya nati na bolti. Hadithi hiyo si uongo mtupu. Nimewahi kuwa upande wa pili wake, nikiwa mzazi, na gari bovu limenipa na binti yangu saa nyingi ambazo nisingezipata kwa njia nyingine. Ninachokikataa ni dhana kwamba gari lenyewe ndilo linalofanya kazi hiyo. Kwamba ukishaliegesha uani na kumwita mtoto, mapenzi yatakuja yenyewe kama inavyokuja kutu. Sisi tulikuwa watatu nyumbani, wote tulikulia kando ya gari lile, na hakuna hata mmoja aliyetoka pale akiwa karibu zaidi na baba. Tulitoka tukiwa hodari wa kunusa hasira yake kabla haijafika.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba yeye na mwanawe wanatengeneza gari la zamani, simwulizi gari gani. Namwuliza nani anashika spana na nani anashika tochi.

Lakini kwa nini liwe kuukuu, wakati magari mapya nayo huharibika? Wengi watakujibu kwa kuugua, watakwambia vya kale ni dhahabu. Mimi sioni dhahabu. Magari yale yalikunywa petroli ovyo, yalitoa moshi, na ukigonga kitu hayakukulinda. Uzuri wake kwa mtoto ni mmoja: yanasomeka. Fungua boneti ya gari dogo la miaka ya 1960 au 1970 na mara nyingi utaiona ardhi kupitia nafasi zilizoizunguka injini. Bomba hili linatoka kwenye tanki, linaingia kwenye pampu, linaendelea mpaka kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Waya huu mnene unatoka kwenye koili, inayoukuza umeme, unaingia katikati ya distribyuta, inayougawa, na humo zinatoka nyaya nne kwenda kwenye plagi nne. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufuata kwa kidole safari ya petroli na safari ya umeme mpaka zinapokutana kwenye silinda, akaelewa bila hotuba yoyote kuwa injini inataka mafuta na hewa kwa kipimo chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, haiwaki.

Kisha aondoe kifuniko cha distribyuta. Ndani mna pointi, vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kadiri kijiti cha katikati kinavyozunguka. Vinapoachana ndipo cheche inaporuka kwenye plagi. Nafasi inayotakiwa kati yake, katika magari mengi ya aina hiyo, ni karibu milimita 0.4, nayo hupimwa kwa kibamba chembamba cha chuma kinachopenyezwa katikati. Kibamba kikipita bila kugusa, nafasi imezidi. Kikigoma kuingia, imepungua. Kinatakiwa kipite huku kikishikwa kidogo, kama karatasi unayoichomoa kati ya kurasa za kitabu kilichofungwa. Maelezo haya hayamsaidii mtu mpaka kidole chake kihisi, na kidole cha mtoto huhisi vizuri kuliko changu chenye sugu. Nimelipima hilo mara nyingi, na mara nyingi nimeshindwa.

Gari la leo halimpi mtoto kitu cha kufuata kwa kidole. Kuanzia modeli za 1996, Marekani ililazimisha kila gari dogo linalouzwa huko liwe na mfumo sanifu wa kompyuta wa kujichunguza, pamoja na tundu la kuchomekea kifaa cha kusoma makosa, kwingineko wakafuata. Ni jambo jema. Moshi umepungua na magari yanawaka asubuhi bila dua. Lakini kifaa hutoa namba, namba humwelekeza fundi kwenye sehemu fulani, na sehemu hiyo hung'olewa nzima ikawekwa nyingine. Mtoto anayemtazama mzazi wake akisoma namba kwenye kioo anamwona mzazi yule yule anayemwona kila jioni akisoma simu. Ndiyo maana gari kama Volkswagen Beetle bado hutajwa mapema watu wanapoulizana waanze na lipi. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla la mwisho halijatoka kiwandani Puebla, Mexico, mnamo Julai 2003. Injini yake hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta wala mabomba ya maji, na imeshikiliwa na bolti nne tu.

Kusomeka, hata hivyo, ni nusu ya jambo. Nusu ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi, ni kwamba gari kuukuu halina adabu.

Nyumbani, neno la mzazi ndilo la mwisho. Hata mzazi mpole anayependa kujadiliana na wanawe anayo ile akiba yake, "kwa sababu nimesema", na akiitoa mjadala umefungwa. Penye wazee hapaharibiki neno. Basi njoo mbele ya injini iliyogoma. Ukitangaza kuwa tatizo ni plagi, na tatizo liko kwenye kabureta, haitawaka kwa heshima ya mvi zako. Utabadilisha plagi zote nne, utapiga stata, itazunguka bila kuwaka, na mtoto yupo hapo anaangalia. Walimu hukosea mbele ya watoto, lakini wana kitabu cha kujifichia. Mzazi kwenye gari bovu hana pa kujificha.

Nitatoa kisa kimoja, na hakinipendezi. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, tukirudisha plagi baada ya kuzisafisha. Kichwa cha injini kilikuwa cha alumini, na alumini ni laini, kwa hiyo plagi huanzwa kwa vidole mpaka uzi wake, ile michirizi ya kuzungukia, ushike vizuri, spana ikaja baadaye. Nilimfundisha hivyo mimi mwenyewe. Alifunga zake tatu kwa vidole, taratibu, ulimi umetoka nje kidogo kama kawaida yake akiwa na kazi. Ya mwisho, ya silinda ya tatu, nikaichukua mimi kwa sababu giza lilikuwa linaingia, na nikaianza kwa spana. Ilipokaza mapema nikadhani ni uchafu, nikaongeza nguvu. Ukatoka mlio mdogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nilijua papo hapo. Plagi ilikuwa imeingia upande na imeua uzi.

Maneno ya kwanza yaliyonitoka yalikuwa: "Nani ameleta spana hii?"

Sauti ilikuwa ya baba. Hata kidevu nadhani kilikaa kama chake. Binti hakujibu. Alinitazama, akazitazama plagi zake tatu, akanitazama tena. Ilinichukua muda mrefu kusema kuwa nimeharibu mimi, kwa haraka zangu, na kwamba sasa itabidi kichwa kishushwe, tundu litobolewe na kuchongwa uzi mwingine. Akauliza swali moja: "Kwa hiyo hata wewe huwa unaharibu?" Hakuwa akinikejeli. Alitaka kujua.

Siku chache baadaye aliniambia jambo la shuleni alilokuwa amelificha muhula mzima. Sidai kuwa plagi ndiyo iliyomfungua mdomo. Huenda lilikuwa limemchosha tu. Lakini sioni kwa nini mtoto amweleze makosa yake mtu ambaye hajawahi kumwona akikosea na kukiri. Mimi sikuwahi kumweleza baba yangu hata moja, na sasa naona kuwa haikuwa kwa sababu alikuwa mkali. Wapo wazazi wakali wanaoambiwa kila kitu. Ni kwamba katika miaka yote ile ya tochi, gari halikuwahi kuharibiwa na yeye. Liliharibiwa na spana mbovu, na aliyeuza kifaa, na sisi.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi ya uani kwangu, safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana katika historia ilikuwa ya mzazi na watoto. Agosti 1888, Bertha Benz alitoka Mannheim alfajiri na wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na mdogo wake Richard, kwenda kwa mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, kwa gari la magurudumu matatu la mumewe Karl. Mumewe hakuwa na habari. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ulipochubuka aliukinga kwa mkanda wa soksi. Mafuta yalipokwisha walinunua mengine kwenye duka la dawa huko Wiesloch, maana ndiko yalikouzwa. Kwenye vilima gari lilishindwa, vijana wakashuka wakasukuma. Waliporudi na habari hizo, Karl Benz akaongeza gia ya kupandia milima.

Watu humsimulia Bertha kwa ushujaa wake, na anastahili. Mimi huwatazama wale vijana wawili kwenye mwinuko. Hapakuwa na fundi wa kumwita kwa sababu hapakuwa na magari barabarani. Mama yao alilijua gari lile vizuri kuliko wao, lakini hakujua litaharibika nini mbele, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikisha mbali hivyo. Hakuna aliyekuwa akionyeshwa kitu ambacho mwingine alikwisha kukijua. Na jasho lao lilibadilisha gari lenyewe. Ni watoto wangapi wanaomsaidia mzazi kazi na mwisho wa siku kazi ikawa tofauti kwa sababu wao walikuwepo?

Tatizo la mzazi anayejua sana ni kwamba kila kazi anaiona kutoka mwisho wake. Anajua itakavyokaa, kwa hiyo mkono wa mtoto unaopapasa unamchosha macho, na baada ya dakika mbili anasema "lete hapa". Neno hilo, lete hapa, ndilo linalozaa washika tochi.

Mwanaanthropolojia Jean Lave, aliyefanya utafiti kwa mafundi cherehani wa Liberia miaka ya 1970, alieleza mpangilio wa kufundisha ambao kila mzazi mwenye gari bovu angefaidika nao. Nguo huanza kwa kukata kitambaa, lakini wanagenzi wale hawakuanza na mkasi. Walianza na umaliziaji, kama vifungo na pindo, kisha wakaingia kwenye kushona, na kukata kulikuja mwisho. Mantiki yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuharibu kitambaa: kosa la sindano hufumuliwa, kosa la mkasi halifumuliwi. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba mtoto hapewi kazi ya kuigiza. Kifungo anachokishona ni kifungo cha mteja, na kikikatika kimekatika kweli.

Kwenye gari, mkasi ni breki, usukani na chochote kinachobeba uzito. Hivyo vije baadaye sana. Vifungo vyake ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua taa ya nyuma isiyowaka. Wazazi huidharau kazi hiyo, lakini kwa mtoto ni kesi nzima, ina kosa, uchunguzi na hukumu. Balbu nzima? Iweke kwenye taa inayowaka uone. Umeme unafika? Pima. Kama unafika na bado haiwaki, fuata waya unaorudisha umeme kwenye bodi, maana katika magari ya zamani mara nyingi ndipo penye ugonjwa: pale waya ulipofungwa kwa skrubu pameota kutu, na kutu haipitishi umeme vizuri. Unafungua skrubu, unasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, unafunga. Taa inawaka. Binti yangu alipofanya hivyo mara ya kwanza alizima na kuwasha mara sijui ngapi, mpaka nikaanza kuionea huruma betri. Kazi yangu jioni ile ilikuwa kumulika, na nakiri kuwa ni kazi ngumu. Mkono unachoka, na ulimi unawasha. Unaona kabisa anaelekeza msasa upande usiofaa, na inabidi umeze mate.

Kama kuna kazi moja iliyonifanya niamini kuwa gari linapita baiskeli, redio na cherehani kwa jambo hili, ni kutoa upepo kwenye breki. Hewa ikiingia kwenye mabomba ya breki, pedeli inakuwa laini kama sifongo, kwa sababu hewa hubanika na mafuta ya breki hayabaniki. Kwa njia ya kizamani, kuitoa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye pedeli. Mwingine yuko chini kando ya gurudumu, akianza kwa kawaida na lile lililo mbali zaidi na silinda kuu, ana spana ndogo na kimpira kilichotumbukizwa kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Hawaonani. Kilichopo ni sauti tu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Hapo wa chini analegeza kijibolti cha kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu yake, pedeli inazama mpaka sakafuni, na wa juu haruhusiwi kuinua mguu mpaka asikie "nimefunga". Akiinua kabla, hewa inavutwa kurudi ndani na kazi yote ni bure. Ni hivyo mara kumi, ishirini, gurudumu baada ya gurudumu. Nilimweka binti chini na mimi nikakaa juu. Kwa karibu saa nzima alinipa amri na mimi nikatii, na niliposahau nikainua mguu mapema alinifokea, "Baba! Sijasema bado!" kwa sauti ambayo kwingine kokote ningemwita aje aieleze. Hapo sikuwa na la kusema. Alikuwa sahihi, na mapovu kwenye chupa yalimtolea ushahidi. Kazi ilipokwisha nilizipitia zote nne mwenyewe kwa spana, na sikuomba radhi kwa hilo. Breki ni breki.

Na kwa kuwa tumefika chini ya gari, niseme mambo ya usalama kwa ufupi na kwa ukali. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Gari likae juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamewekewa vizuizi. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo halipulizwi kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Petroli si ya kunawia mikono. Mzazi asiyeweza kuyasimamia haya amwite mtoto siku ya kupaka rangi tu.

Kuhusu mazungumzo, nina shaka na sifa zake. Husemwa kuwa kijana huongea kwa urahisi akiwa ubavuni mwako kuliko akiwa uso kwa uso, macho yote yakiwa kwenye kazi. Kuna ukweli. Lakini nimewaona wazazi wanaoligeuza gari kuwa mtego: wanamwita mtoto aje "kusaidia kidogo", na nati ya tatu haijalegea tayari wameuliza kuhusu marafiki zake. Mtoto hunusa mtego haraka kuliko panya, na wiki ijayo atakuwa na kazi nyingi za shule. Saa nyingi zetu zilipita bila neno la maana. "Nipe kumi." "Si hiyo, ya ringi." "Imetoka?" "Bado." Ukirekodi na kuwasikilizisha wanasaikolojia watasema familia hii haina mawasiliano. Mimi nazikumbuka kuwa miongoni mwa saa bora za maisha yangu, ingawa sina hakika yeye angesema hivyo, na sijamwuliza.

Wapo pia wanaolikataa jambo zima, na baadhi ya hoja zao nazikubali. Gari la zamani mara nyingi ni ndoto ya mzazi. Mtoto hakuota kuendesha gari lililozaliwa kabla ya mama yake. Anayeota ni yule bwana wa miaka arobaini na tano aliyelikosa akiwa kijana, na sasa anamvisha mwanawe hamu yake kama anavyomvisha shati kubwa. Nimeona nyumba ambamo mtoto wa kiume asiyejali magari alikokotwa kila Jumamosi, huku dada yake aliyekuwa akichungulia mlangoni anaulizwa kama amemaliza kuosha vyombo. Nyumba hiyo ilikuwa na mwanagenzi hodari na haikumwona, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuamua mwanagenzi anafananaje. Mtoto asipopenda, hajapenda. Kuna njia nyingine nyingi za kukosea mbele yake.

Hoja ya pili ni ya muda, nayo wapenzi wa magari hawapendi kuisikia. Wengi huanza kwa kulivunjavunja gari lote mpaka libaki bodi tupu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa na wakubwa wa fani. Mtu mzima anaweza kuishi na bodi tupu miaka minne, ana subira na ana kumbukumbu ya lilivyokuwa likitembea. Kwa mtoto wa miaka minane, miaka minne ni nusu ya umri wake. Ataingia kwenye mradi akiwa anacheza na udongo, na gari litawaka akiwa na ndevu. Ndiyo maana magari mengi ya "mimi na mwanangu" huishia juu ya mawe chini ya turubai, na turubai hilo huwa aibu ya kimya kila mtu anapopita uani. Nunua linalotembea, hata kwa kuchechemea. Rekebisha kitu kimoja, zungukeni nalo kidogo, mrudi, rekebisheni kingine. Wakubwa wa fani watacheka. Waache.

Wengine huogopa kwa sababu wao wenyewe hawajui kitu. Kwangu hao ndio wenye bahati, kwa sababu nilizozieleza. Mama mmoja jirani yangu alianza na mwanawe wakiwa na mwongozo wa gari uliochakaa na spana za kuazima, hakuna aliyemzidi mwenzake, na mara kadhaa niliwasikia wakibishana kama mtu na mwenzake juu ya mchoro wa nyaya. Nilitamani kwenda kuwasaidia. Nilijizuia, na nadhani hilo ni tendo jema nililowahi kulifanya kwa watu wasiojua.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na saba na gari hana habari nalo. Halikutokea jambo lolote; alianza kuja mara moja kwa wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, kisha akawa na marafiki. Siku ya kwanza niliyotoka peke yangu nilijikuta nimeshika tochi kwa meno. Nilikuwa na hotuba tayari, ya kuhusu kazi tuliyoianza pamoja na watu wasiomaliza walichoanza. Niliizoeza kimoyomoyo nikifungua kabureta, na kadiri nilivyoisikia ndivyo ilivyozidi kuwa na sauti ninayoijua. Sikuitoa.

Wiki iliyopita niliwasha injini jioni ikawa inamisi, yaani silinda moja haichomi. Alikuwa anapita kuelekea ndani, simu mkononi, hakusimama. "Ya tatu hiyo," akasema, akaingia. Ni kweli silinda ya tatu ndiyo yenye historia kwetu, ndiyo niliyoiua uzi siku ile. Nikachukua koleo yenye mpini wa mpira, nikachomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma. Ukichomoa waya wa silinda nzima, mlio hubadilika; wa silinda mbovu, haubadiliki. Ya kwanza, mlio ukabadilika. Ya pili, ukabadilika. Ya tatu, ukabadilika kabisa, injini ikataka kuzima. Ya nne, hakuna tofauti yoyote.

Nikamwita aje asikie.